Watemi, Mwalimu na mwenyekiti wa kijiji: viongozi wa zamani walituzidi nini?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 34, nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji hapa wilayani Kongwa katika uchaguzi wa Novemba 2024. Kila mkutano wazee wananiambia kwamba enzi za watemi na enzi za Mwalimu kulikuwa na viongozi, siku hizi kuna wala posho. Nikijibu naonekana sina adabu, nikinyamaza naonekana nimekubali. Naomba unilinganishie kwa haki: wale walikuwa na sifa gani ambazo sisi hatuna? Na mimi nimfuate nani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuaminiwa na watu wa kwenu. Wazee wako hawajakosea, ila wamesema nusu ya maneno. Nimefundisha historia katika sekondari za mkoa huu muda mrefu, na likizo nyingi nimezimaliza kwenye tembe za wazee nikisikiliza habari za watemi. Nikuambie niliyojifunza, hata yale ambayo wazee wako hawatayafurahia.

Kwanza, usikubali kulinganisha mtu na mtu. Marehemu tunamkumbuka kwa siku yake nzuri kuliko zote, aliye hai tunamhukumu kwa alichofanya jana. Hapo wewe utashindwa kila siku, hata ungekuwa malaika. Mimi nikitaka kumpima kiongozi, wa karne iliyopita au wa leo, nauliza mambo mawili: nani aliweza kumwambia hapana, na akikosea alilipa nini. Sifa nyingine zote, ujasiri, ufasaha, umbo, hata ucha Mungu, naziweka baada ya hayo mawili.

Sasa tumtazame mtemi wa Kigogo. Watu wengi wakisikia neno mtemi wanawaza mfalme wa kukata vichwa. Ugogo haukuwa hivyo. Mtemi wa hapa kazi yake kubwa ilikuwa nchi yenyewe: mvua, rutuba, kuwakinga watu na mifugo na maradhi, kufungua msimu wa kulima, kuruhusu jando. Kesi nyingi za ng'ombe na mahari ziliamuliwa na wazee wa pale pale, mtemi hakuhitajika. Na unaijua mvua yetu: milimita 500 na kitu, ikizidi sana 600 kwa mwaka, zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu inafunga. Kiongozi aliyebebeshwa dhamana ya mvua katika nchi kama hii alikuwa anapimwa kila mwaka mbele ya watu wote. Hakuwa na ripoti ya kuficha chochote. Mtama umetoka au haujatoka, kila mtu anaona.

Na watu wake walikuwa na jibu. Kaya ya Kigogo ilikuwa nyepesi kuhama: ng'ombe ndio mali, tembe inajengwa upya, jamaa wapo nchi ya pili. Mtemi aliyewachosha watu aliamka asubuhi akakuta maboma matupu. Hakukuwa na sanduku la kura, lakini miguu ilipiga kura. Nakuomba ulishike hili, maana ndilo jambo la kwanza ambalo watemi walikuwa nalo na wengi wetu leo hatunalo: walitawala watu ambao wangeweza kuondoka.

Kuna neno moja linalonifundisha kuliko vitabu vingi, nalo ni hongo. Misafara ya pwani ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite kwetu, na nchi yetu imebanwa katikati ya mapori mawili makavu ambayo wapagazi waliyaogopa kwa majina, Marenga Mkali upande wa mashariki na Mgunda Mkali upande wa magharibi. Msafara wa mamia ya watu ukifika Ugogo una kiu na njaa, na visima ni vya wenyeji. Basi mtemi alidai malipo, kwa kawaida nguo zilizohesabiwa kwa doti, ndipo msafara unywe maji na kupita. Malipo hayo ndiyo yaliitwa hongo. Wapelelezi wa Kizungu walipita hapa, Burton mwaka 1857, Stanley mwaka 1871 akimtafuta mpelelezi mwenzao Livingstone, na wote wawili walilalamika sana kuhusu hongo ya Wagogo. Sitasema kwamba watemi hawakuzidisha. Wengine walizidisha, na msafara ungeweza kukaa siku kadhaa ukibishana. Lakini angalia ilivyofanyika: mchana, mbele ya wapagazi na wenye nchi, doti zinahesabiwa moja moja, na kila mtu anajua mtemi fulani amepokea nini na kwa sababu gani. Wajerumani walipojenga boma Mpwapwa mwaka 1889 na kuishika njia ya misafara, hongo ya watemi ikafa. Neno likabaki kwenye Kiswahili, na leo maana yake ni fedha inayopita chini ya meza. Wazee wako wakikuuliza zamani walituzidi nini, waambie hilo. Kilichokuwa kinapokelewa juani siku hizi kinapokelewa gizani.

Msije tu mkasema uongozi wa zamani ulikuwa wa wanaume. Jirani zetu Wanyaturu wa Singida wanamsimulia Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza watu wake dhidi ya Wajerumani, na masimulizi yanasema silaha yake ilikuwa nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida mjini uliokuwa ukiitwa Namfua leo unaitwa Liti kwa ajili yake. Halmashauri yako ya kijiji kwa sheria lazima iwe na wanawake wasiopungua robo. Kama pale kwako wanaitwa kujaza idadi na hawapewi nafasi ya kusema, basi Wanyaturu wa zile enzi wamekupita.

Nikuonyeshe sasa mtemi alipoharibikiwa, maana hapo ndipo kumbukumbu za wazee huruka. Baada ya Vita ya Kwanza, nchi hii ilipigwa na njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Watu walikufa kwa maelfu. Mtemi aliyekuwa amepewa dhamana ya mvua hakuwa na uwezo wowote juu ya waliochukua akiba. Miaka michache baadaye, mwaka 1926, serikali ya gavana Cameron ikaweka sheria ya kutawala kupitia machifu. Mtemi akapewa mshahara, karani, mahakama na kazi ya kukusanya kodi. Kwa nje alionekana mkubwa kuliko babu yake. Lakini sasa akikosea anayemfukuza ni Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, na watu wakichukia hana hasara. Aliyekuwa anatazama mawingu akaanza kutazama boma. Wapo waliobaki waungwana katika hali hiyo. Mtemi Mazengo wa Mvumi jina lake liliheshimiwa kiasi cha kupewa shule kubwa ya sekondari hapa Dodoma. Ila cheo chenyewe kilikuwa kimegeuzwa uso, na serikali ya uhuru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, watu wengi waliona inafuta tawi la mkoloni. Kwa hiyo mzee akisema "enzi za watemi", muulize kwa heshima: mtemi wa mvua au mtemi wa kodi?

Wewe uko Kongwa, kwa hiyo mfano mbaya kuliko yote wa uongozi katika nchi hii uko uani kwako. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wataalamu watatu kuangalia kama karanga zingelimwa kwa wingi Afrika Mashariki. Walizunguka wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, katika mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 hapa na nchi za jirani. Walileta matingatinga, walibadilisha hata vifaru vya vita kuwa trekta. Mizizi ya pori ikavunja vyuma. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na jua likiuchoma unakuwa kama saruji. Karanga zilizoiva zikabaki zimeshikwa ardhini. Mvua ikafanya ilivyozoea kufanya. Januari 1951 mpango ukatupwa, na pauni milioni 36 hivi zimekwenda.

Walioongoza mpango ule hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu, bidii, fedha na nia ya kulisha watu wao waliokuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Walikosa mtu wa kuwaambia hapana. Mgogo yeyote mwenye jembe angewaeleza kwa nusu saa kwa nini babu zake walipanda mtama na uwele, na kwa nini walifuga. Hakuna aliyemuuliza, na hata angesema, mwenye uamuzi alikuwa London, hakosi chakula cha jioni kwa sababu mvua imekataa Kongwa. Mimi nikipita pale huwa nasimama. Nakushauri nawe siku moja uwapeleke wajumbe wa halmashauri yako wapaone kwa macho, halafu mrudi mjadili bajeti.

Tumfikie Mwalimu, kwa sababu ndiye wazee wako wanayemtumia kukupiga. Mimi nampenda Mwalimu, sifichi. Mtoto wa chifu wa Wazanaki aliyeongoza serikali iliyofuta machifu. Waziri Mkuu aliyejiuzulu Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, akamwachia Kawawa ofisi ili yeye akajenge chama vijijini. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaweka miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari. Unaona jambo lile lile la hongo ya mchana? Miiko iliweka wazi kiongozi anapata nini na kutoka wapi. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza, na mwaka 1995 ikaja sheria ya maadili inayomtaka kiongozi wa umma ajaze fomu ya mali zake. Fomu ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Ila mwanakijiji hajui ndani ya fomu kuna nini, na miiko aliijua kwa moyo.

Lakini Mwalimu huyo huyo ndiye wa Operesheni Dodoma ya 1971, watu wetu walipotolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakawekwa vijijini. Yeye mwenyewe alikuja Chamwino, akashika udongo na kufyatua matofali na wananchi, na wazee wa pale bado wanaisimulia siku hiyo nyuso zikiwaka. Mzee mmoja aliwahi kunionyesha mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufunga polepole, akisema, "Hivi ndivyo alivyoshika udongo, hakuwa anaigiza." Nilimuuliza kuhusu kuhamishwa. Akakaa kimya, akachokonoa ardhi kwa fimbo, kisha akasema ng'ombe walikosa malisho karibu na nyumba mpya, na hakukuwa na wa kumwambia. Mzee yule alikuwa na Mwalimu wawili katika kumbukumbu moja, na hakumtupa hata mmoja. Natamani wazee wako nao wangeweza.

Sasa sikiliza linalokuhusu wewe hasa. Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu, madaraka yakaenda kwa maofisa wa mikoa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa. Kwa maneno mengine, sehemu mbili ambazo mkulima angeweza kusimama na kusema hapana zilifungwa ndani ya miaka minne. Na Mwalimu, akiwa bado Ikulu, alisema waziwazi kwamba angeanza upya mambo hayo mawili asingeyarudia. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ndiyo iliyorudisha halmashauri za wilaya, na ndiyo hiyo Sheria Namba 7 inayokupa wewe kiti chako. Umekalia kosa la Mwalimu lililosahihishwa. Wakikutajia Mwalimu kukunyamazisha, waambie kwa adabu kwamba Mwalimu mwenyewe alikiri kijiji kisichosikilizwa kinaumiza nchi.

Kiongozi wa kukiri kosa, mbele ya dunia, juu ya jambo alilolianzisha mwenyewe: hiyo kwangu ndiyo sifa adimu kuliko zote, zamani na sasa. Karibu yake namweka Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa wakawa wamefia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza. Hakuwagusa, hakuwepo. Akajiuzulu. Miaka minane baadaye nchi ikamfanya Rais. Tumezoea kudhani kujiuzulu ni kuzikwa, na historia yetu wenyewe inasema vinginevyo.

Halafu lipo la kuondoka, ambalo wa sasa wamewapita wa kale, na ni haki lisemwe. Mirambo wa Unyamwezi alianza na himaya ndogo, akajenga dola iliyowashika hata wafanyabiashara wa Tabora koo, kwa akili na vita. Alipofariki mwaka 1884 dola ile haikuchukua muda ikasambaratika, kwa sababu kamba zote zilikuwa zimefungwa kwenye mkono wake. Mwalimu aliondoka 1985 na asubuhi yake ofisi zikafunguliwa. Mwinyi akaondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015, kila mmoja muda wake ulipofika. Ukoo wowote wa kitemi ungetamani amani ya namna hiyo katika kurithishana.

Kuhusu Hayati Magufuli, najua na wewe umri wako ulimpenda au ulimwogopa, huenda vyote. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973 ukalala miaka 43. Mwaka 2016 alitamka kwamba serikali inahama, na ikahama. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mkaazi wa hapa hawezi kulidharau jambo hilo. Sisi tuliozeeka tukiambiwa "makao makuu" huku wizara ziko Dar es Salaam tunajua uzito wa mtu anayemaliza kazi iliyoachwa na wengine. Kutumbua majipu hadharani nako kuliwafurahisha wengi, maana watu waliona mkubwa akilipa kwa kosa lake. Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja: tatizo la kisima linapongoja msafara wa Rais usimame barabarani ndipo litatuliwe, mwenyekiti wa kijiji amekufa akiwa hai. Na ofisa anayemwogopa mkubwa wake hampelekei habari mbaya, na Kongwa ya 1947 inakuambia habari mbaya isiyofika juu inagharimu kiasi gani.

Umeuliza umfuate nani. Usimfuate mtu mzima mzima. Chukua kwa mtemi ule uchi wa kupimwa na mvua mbele ya watu. Chukua kwa Mwalimu kukiri, na kwa Mwinyi kulipa. Na wewe chombo unacho tayari. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkaazi mwenye umri wa kuanzia miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Mtendaji anaajiriwa, wewe unachaguliwa, lakini nyote wawili mko chini yao. Hata ardhi, kwa sheria ya mwaka 1999, halmashauri yako haiwezi kugawa bila mkutano mkuu kukubali. Uitishe kila miezi 3, akidi itimie, usomwe mapato na matumizi. Najua vijiji ambako mkutano haujaitishwa mwaka mzima na muhtasari upo kwenye faili, umesainiwa. Huko ndiko wazee wanakopata neno "wala posho", na siwezi kuwalaumu.

Nikuachie nilichokiona kwenye kijiji kimoja cha Bahi, kiangazi fulani. Watu walikuwa wamekaa chini ya mbuyu, wanawake upande wa kivuli kizuri, ng'ombe wanasikika kwa mbali. Mwenyekiti, kijana kama wewe, alikuwa anasoma kwenye kaunta buku fedha za kisima: ndoo zilizouzwa, dizeli, fundi wa pampu. Bibi mmoja aliyekuwa amejifunga kaniki akanyoosha mkono, akauliza fundi amelipwa 40,000 kwa kazi gani, maana yeye anakaa jirani na kisima na hajamwona fundi. Kimya. Kijana akapekua kurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. Kisha akafunga daftari akasema risiti hana, fundi alimlipa kabla ya kazi kwa sababu alimwamini, na fundi hakurudi. Akasema fedha hiyo atairudisha yeye, atauza mbuzi Jumamosi mnadani. Wapo waliosema asamehewe. Bibi akasema hapana, auze, na risiti ya fundi mwingine iletwe hapa hapa mkutano ujao. Mwenyekiti akaandika. Halafu wakaingia kwenye ajenda ya pili, mipaka ya malisho, na ugomvi wenyewe ukaanza.